Mwambieni "Hatua Kubwa", si "Haraka"

SWALI: Baba yetu ana miaka 68, ana ugonjwa wa Parkinson na anatumia vidonge vya levodopa. Kunyanyuka kitini ni kazi, hatua zimekuwa fupi, na akifika mlango wa choo miguu inaganda. Tukimhimiza aharakishe ndiyo kwanza anakwama. Yapo mazoezi ya kufanyia nyumbani?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Acheni kabisa neno "haraka". Dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo, inapopungua, ubongo hukosea kupima ukubwa wa mwendo: mzee anaona ametupa hatua ya kawaida kumbe ni nusu yake. Mkimharakisha anaongeza idadi ya vihatua, kisha miguu inafunga. Mwambieni "hatua kubwa", hata yeye aone amezidisha.

Kunyanyuka kufanyeni zoezi la kila siku. Kiti kiwe cha mbao, kizito, nyuma yake ukuta. Cha plastiki huteleza. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma ya usawa wa magoti, azitanue kidogo, ainame mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Ahesabu moja, mbili, tatu, anyanyuke kwa nguvu. Wengi hushindwa hapo kwenye kuinama: wanajisukuma huku mgongo umelala nyuma, uzito wote umebaki kwenye kiti. Arudie mara 5 hadi 10. Kila akisimama atulie kidogo kabla ya kutembea, maana ugonjwa huu na dawa zake huweza kushusha presha.

Mlangoni, bandikeni mistari ya tepu yenye rangi tofauti na sakafu, sentimita 40 hivi kati ya mstari na mstari, ianze kabla ya kizingiti na iendelee hadi ndani. Azoee kuivuka mmoja mmoja. Akiganda, msimvute mkono. Kiwiliwili kitatangulia na miguu itabaki, ataanguka. Asimame, ahamishie uzito kushoto na kulia, kisha atupe mguu. Kandambili asivae kabisa.

Mazoezi yafanyike dawa ikiwa imeshika, kwa wengi dakika 45 hadi saa moja baada ya kumeza, na kabla jua halijawa kali. Vilevile mwombeni daktari wake rufaa ya fiziotherapia, kwa mfano Muhimbili. Ipo programu iitwayo LSVT BIG, ya miondoko mikubwa: saa moja kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 4, na mazoezi ya nyumbani juu yake.