Nataka kujijengea hotrodi, hela kidogo, nianzie wapi?

SWALI: Kaka fundi shikamoo, mi niko Columbus, Ohio, napiga shifti ghala. Nataka nijenge hotrodi, yaani gari la zamani lililopunguzwa uzito na kutiwa injini kali, kama ile Ford ya 1932, ila bajeti imebana kweli. Ninunue injini kwanza?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, injini iache kwanza! Anza na hati ya umiliki, bodi bila karatasi hata kama ni bei ya kutupa achana nayo, usajili utakutesa. Na ya 1932 isahau kwa sasa, kila mtu anaitaka ndo maana bei iko juu, tafuta Ford Model A ya 1928 mpaka 1931 au pikapu ya zamani isiyo na jina kubwa.

Halafu nunua gari moja zima lililochoka lakini linatembea, mfano pikapu ndogo ya Chevrolet S-10, ulichinje kwa vipuri, maana hapo unapata injini, giaboksi, difu, stelingi na waya kwa mpigo, kununua kimoja kimoja ndo kunakomaliza watu hela.

Breki sasa, hapa nakusihi. Model A ilitoka na breki za kuvuta kwa vyuma, hazina mafuta, usizibebeshe injini kubwa ya V8 (ya silinda nane) hata siku moja, weka za mafuta, na chesisi iongezewe nguvu na mtu anayejua kuchomelea, hapo lipa tu. Vijana wa California miaka ya 1930 walikuwa wanang'oa madigadi na vikorokoro kupunguza uzito, hiyo kazi ni bure, fanya mwenyewe. Rangi baadaye kabisa.