Usilime Mufindi kana kwamba uko Tukuyu

Nimekulia Tukuyu, mkoani Mbeya. Kule ukichimba shimo la mgomba, jembe linaibua vijiwe vyepesi ambavyo ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea. Vilitoka mlima Rungwe, uliolipuka kwa nguvu miaka 4,000 hivi iliyopita. Jirani yake, Kyejo, ulimwaga lava miaka 200 tu iliyopita. Kwa umri wa udongo, hiyo ni juzi.

Nilipohamia Mufindi, mkoani Iringa, nikapata ekari mbili, nikalima kama nilivyozoea: mbolea kidogo ya kupandia, nikainyunyiza juu juu, na baada ya mavuno mabua nikayachoma. Mwaka wa pili mahindi yalifika magotini, majani yakageuka zambarau. Mama jirani akaniambia, "Mwanangu, udongo huu ni mzee. Unataka ujilishe wenyewe?"

Alisema kweli. Mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua kama sisi, na kutoa hewa ukaa. Angani hewa hiyo ni kama asilimia 0.04, lakini ndani ya udongo hufika hata asilimia 1 au zaidi. Ikikutana na maji ya mvua inakuwa asidi hafifu, ileile inayochoma ulimi unapokunywa soda. Rungwe, asidi hiyo inakuta majivu ya volkano na kuyatafuna taratibu, ikiachia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Sehemu ya hewa ukaa yenyewe huyeyuka na kuondoka na maji hadi mtoni.

Mufindi pumzi ya udongo ipo vilevile, ila cha kutafuna kimebaki kidogo. Mvua za miaka mingi mno zimesafisha karibu kila kitu, zikaacha mfinyanzi na chuma, ndiyo maana ni mwekundu. Hewa ukaa nyingi inarudi tu angani. Na chuma hicho kinaikamata fosforasi, chakula cha mmea ambacho kikikosekana majani ya mahindi hugeuka zambarau kama yangu, kabla mzizi haujaifikia. (Majivu ya Rungwe nayo huikamata, nisiwadanganye.)

Ukitaka kuiona pumzi hiyo, koroga chokaa ya kupakia nyumba kwenye maji, iache itulie, kisha chota maji maangavu ya juu bila kuyagusa kwa mkono. Yaweke kwenye kikombe kidogo ndani ya kopo lenye udongo mbichi, ufunike. Kesho yake utakuta utando mweupe juu ya maji. Mara ya kwanza nilikaa nikiutazama muda mrefu.

Basi ndugu yangu uliyenunua shamba kwenye udongo mwekundu, usichome mabua, yaache yaoze. Pima udongo kabla ya kumwaga chokaa ya kilimo, kwa sababu ikizidi nayo inaharibu; kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, wanapima. Samadi na mbolea ya kupandia vitie pamoja ndani ya shimo, juu yake tandaza udongo kidogo, ndipo uweke mbegu, ili fosforasi isitawanyike ikaishia kwenye chuma.

Mwaka wa tatu nilifanya hivyo kwenye nusu ekari tu, samadi ilipoishia. Upande ule majani ya chini yalibaki kijani mpaka mbelewele zikatoka.