UDOM na Mlimani mbele ya mwajiri
Umeuliza kama mwajiri huiona digrii ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kuwa chini ya ile ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). Hapana mkuu, haihesabiwi chini. Zote zinatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri kwa niaba ya serikali, huomba digrii ya chuo kinachotambuliwa, basi. Baada ya hapo ni usaili, na kule wote mnafanya mtihani mmoja. Dharau za kuiita UDOM "chuo cha kata", yaani cha hadhi ya chini, naona zinatokana na umri tu: Mlimani ni chuo kikuu kamili tangu 1970, UDOM imeanza 2007 pale Chimwaga.

Cha kupima ni kozi. Udaktari wa UDOM mimi naupa alama, kwa sababu Hospitali ya Benjamin Mkapa iko hapohapo na mwanafunzi anakutana na wagonjwa halisi. Ila kozi yenye jina geni usiijaze kwenye maombi kabla hujauliza kama bodi ya taaluma yake itakusajili, hasa uhandisi.

Halafu ndaki za UDOM, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani yake, zimetawanyika, kutoka moja hadi nyingine ni safari. Tenga hela ya nauli, na jaketi la Juni. Upepo wa Dodoma hautanii.