Ukija kujifunza nyavu kwa wavuvi wa Dar, anzia mchangani

Wadogo zangu mnaokuja pwani kujifunza uvuvi wa nyavu, iwe fildi ya chuo, iwe umetoka zako Iringa au Singida kwa matembezi tu unataka kuijua bahari, nawaandikia kwa sababu nawapenda na pia kwa sababu nimechoka. Msimu huu tena pale Kunduchi nimeona makosa yaleyale, yanafanywa na vijana wenye nia nzuri kabisa, na wanaoumia sio wao, ni baharia wenye watoto nyumbani. Mimi pia ni mtu wa bara, bahari nimefundishwa ukubwani na wazee wa hapahapa, kwahiyo chukueni haya kama maneno ya kaka yenu.

1. Muulize nahodha maji, usimuulize saa. Akisema tunatoka maji yakijaa, jibu ndio hilo, usirudie tena "sawa mzee, ila saa ngapi?" Chombo kimelala mchangani kinasubiri maji, na maji ya leo sio ya jana, kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Bamvua, yaani siku za maji makubwa za mwezi mchanga na mwezi mpevu, likikolea hapa Dar maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, pale ulipoacha ndala zako asubuhi ukirudi mchana unakuta boti inaelea. Alafu mnapenda kuja likizo ya mwezi wa 7, kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, imeshika kwelikweli, mnaona vyombo vimefungwa mnaanza kunong'ona kwamba wavuvi wavivu. Jamani! Mzee akisimama akaangalia nje kidogo akarudi kukaa kibarazani, ameshaona kitu ambacho wewe hujakiona. Njoo kuanzia mwezi wa 10 hivi, kusi imepoa na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijaanza, hapo utafundishika. Na kama unataka dagaa njoo kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka taa haikusanyi kitu.

2. Kabla hujaomba kupanda boti, kaa na wanaoshona. Shikamoo kwanza, moja moja, sio ya jumla. Alafu kaa uangalie mikono. Kuna mzee mmoja akiletewa nyavu iliyochanika haanzi kushona, anaanza kukata, anachukua kisu anaondoa nyuzi zilizolegea moja moja mpaka tundu linakuwa kubwa kuliko lilivyokuja, wageni wanashtuka wanadhani anaharibu. Anatafuta ukingo mzima wa kuanzia, fundo likishikwa kwenye uzi uliochoka linafunguka siku samaki akigonga. Kila jicho la nyavu, yaani kitundu kati ya nyuzi, analipima kwa kidole, hatumii rula, na ukipima wewe kwa rula unakuta macho yote yanalingana. Ukikaa hapo siku kadhaa utaelewa kwanini kwenye jarife, nyavu ya macho makubwa ya kutegea samaki wakubwa, mkono wako unapita na kwenye nyavu ya dagaa hata kidole hakipiti, na kwanini huwezi kuvua kila kitu kwa nyavu moja. Majarife yanayotegwa chini sana ndio yaliyoanza kutoa silikanti kwenye pwani yetu kuanzia 2003, Kilwa kisha Tanga, samaki ambaye dunia iliwahi kuamini ametoweka zamani mno, na waliomkuta ni wavuvi wa kawaida waliokuwa wanatafuta papa.

3. Kupanga nyavu. Hapa naomba simu zikae chini. Mnajua utaratibu, maboya ya kuelea upande mmoja, risasi, yaani vipande vya madini ya kuzamisha nyavu, upande mwingine, mwili wa nyavu katikati kwa mikunjo, kwa sababu itamwagwa usiku boti ikitembea na hakuna atakayeona kitu, itashuka vile ilivyopangwa. Sasa kulikuwa na kijana, mwanafunzi, mpole, anapendwa na kila mtu, akapewa upande wa risasi. Akawa anapanga vizuri tu, simu ikaita, akaipokea, akawa anaongea huku anaendelea kwa mkono mmoja. Hapo katikati kamba ya risasi ikapita juu ya maboya. Mara moja tu, mkunjo uliofuata ukafunika, hakuna aliyeona, hata sisi tuliokuwa hatua chache kutoka kwake.

Usiku tukamwaga. Ilikwenda vizuri mwanzoni, alafu ikagoma, baharia akaivuta kidogo ikaachia, tukashukuru. Kumbe haikuachia, ilijisokota na ikaendelea kujisokota pande hadi pande. Tukakaa na hilo jarife usiku kucha, watu wanapiga stori, wanahesabu bei ya nguru kwenye soko la samaki la Feri. Alfajiri tunavuta, inakuja kamba. Kamba nene, macho yote yamefumba, risasi na maboya vimekumbatiana, na mwishoni kabisa kwenye kipande kilichopona kolekole mmoja. Nakumbuka kimya cha boti ile kuliko kelele yoyote niliyowahi kuisikia baharini. Mafuta yameungua, na mgao mnaujua, kwanza mafuta na chakula, kisha tajiri wa chombo na nyavu, kinachobaki ndio cha baharia. Siku hiyo hakikubaki kitu, tena deni la mafuta likabaki. Mmoja wetu alikuwa ameahidi hela ya sare za mtoto shule ikifunguliwa, na yeye ndiye aliyekaa mchangani mpaka magharibi anafumbua fundo la mtu mwingine bila shilingi mfukoni.

Nahodha hakufoka. Kijana akawa analia, akasema atalipa mafuta, mzee akamwambia weka hela yako mwanangu, shika upande ule tuitandaze. Na akashika. Lakini mngeuona uso wa yule baba wa sare msingepokea simu tena mkiwa mmeshika nyavu.

4. Vua saa, vua pete, usivae shati la vifungo, na mguu wako usikanyage ndani ya mkunjo nyavu ikiwa inatoka, kifungo kimoja kikinasa unaenda nayo. Ukijisikia kutapika tapika upande wa demani, kule upepo unakoelekea.

5. Sio kila kamba inayovutwa ufukweni uikimbilie. Wageni mnapenda sana kuungana na watu wanaovuta juya, nyavu ndefu ya kukokotwa mpaka ufukweni, picha zinatoka nzuri, lakini juya limepigwa marufuku, linakokota majani ya bahari pamoja na vifaranga vya changu na tasi ambavyo havijawahi hata kutaga. Uliza ni nyavu gani kwanza. Na ukiwa na ndugu zako mmekodi boti ya kwenda Mbudya au Bongoyo usichukue nyavu kwenda kujaribu ulichofundishwa, visiwa vile ni hifadhi tangu 1975. Kasa akiingia kwenye nyavu anaachiwa, hata kama kukata uzi kunamuuma tajiri.

6. Kitoweo. Mkirudi salama utapewa samaki, labda vibua watatu, labda changu mmoja. Pokea kwa mikono miwili, usiseme "hapana mzee uzeni tu", ukikataa umewaambia hukuwa mwenzao kule nje. Wala usiwapeleke mnadani, yupo mmoja aliwapeleka na habari ikamfikia nahodha kabla hata hajavuka daraja. Kapike, ule. Kesho yake uwahi kwenye kushona, uende na uzi wa nyavu, na muulize mzee namba ya uzi anaotumia kabla hujanunua.