Efekti, neksasi na Uboa ni vitu gani

Dogo umeuliza watu wakisema efekti na neksasi kwenye Yume Nikki, lile gemu la kutembea ndani ya ndoto, wanamaanisha nini. Neksasi ni ile sehemu ya giza yenye milango 12, ukilala ukatoka chumbani ndotoni unatokea hapo, kila mlango na dunia yake. Efekti ni vitu unavyokusanya humo, vipo 24, kuna kisu, mwavuli nk, ila we tafuta baiskeli kwanza maana bila hiyo utatembea kama una gunia la viazi kichwani, serious.

Sasa Uboa ndo stori yenyewe. Kwenye nyumba ya Poniko, yule msichana wa humo ndotoni, ukizima taa, mara 1 kati ya 64 linatokea lile lisura jeupe, ndo Uboa mwenyewe. Mi nilikua kibandani Majengo hapa Moshi, nazima nawasha nazima nawasha mpaka mwenye kompyuta akaniuliza we kijana umeme unalipa wewe, kutokea likatokea nikamwaga chai kwenye kibodi 😂 Ukiligusa linakutupa sehemu haina kutoka, hapo jifinye shavu uamke basi.

Ukisikia fangemu ni zile zilizotengenezwa na mashabiki, anza na Yume 2kki.