Maswali na Majibu: Haki za Mnyonge Mbele ya Sheria za Marekani

Barua inasema msaada wangu wa chakula (SNAP) utakatwa mwezi ujao. Nifanyeje?

Angalia kwanza tarehe ya barua. Kwa kawaida ofisi hutakiwa kukupa taarifa angalau siku 10 kabla ya kukata. Ukiomba shauri lisikilizwe ndani ya muda huo, msaada huendelea kwa kiwango kilekile mpaka uamuzi utoke. Ukichelewa bado unazo siku 90 za kuomba, ila utasubiri mikono mitupu. Ombi la mdomo linakubalika, lakini andika, weka tarehe, ubaki na nakala. Kisha dai kuliona jalada lako kabla ya siku ya kusikilizwa. Ni haki yako, na mara nyingi kosa limo humo, kwa mfano mshahara wa wiki mbili uliohesabiwa kama wa wiki moja.

Jihadhari na mambo mawili. Ukishindwa, utadaiwa ulichopokea wakati ukisubiri. Na kama muda ulioidhinishiwa msaada umekwisha wenyewe, hakuna cha kuendelezwa: jaza maombi mapya mara moja. Wengi huangushwa na karani anayewaambia "subiri, tutarekebisha," siku 10 zikapita.

Mwenye nyumba hataki wapangaji wa vocha (msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba), na mjini kwetu wengi wao ni Weusi. Ni lazima nithibitishe ana chuki?

Si lazima. Mwaka 2015, katika kesi kutoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 kwa 4 kwamba Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968 inagusa hata kanuni isiyo na nia mbaya, mradi athari zake ni za kibaguzi. Takwimu tupu hazitoshi. Onyesha kuwa ni kanuni hiyo hasa inayoleta tofauti. Kazi hiyo ni ngumu na ina gharama, kwa hiyo uliza kwanza kama jimbo au jiji lako linakataza kumbagua mtu kwa chanzo cha kipato chake. Sheria ya shirikisho haikatazi, lakini baadhi ya majimbo na majiji yanakataza, na hapo barua pepe moja ya "hatupokei vocha" yaweza kuwa ushahidi wa kutosha.

Malalamiko kwa idara ya makazi, HUD, yana mwaka 1. Mahakamani, miaka 2. Aprili 2025 rais aliagiza idara zipunguze kufuatilia kesi za athari zisizo na nia. Amri hiyo haifuti sheria ya Bunge, ila sisi tusingeitegemea HUD peke yake.

Je, huduma za serikali zikinibagua kwa rangi?

Hapo mlango ni mwembamba. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Sandoval ya 2001, mtu binafsi anayeshitaki chini ya Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kinachokataza ubaguzi wa rangi katika huduma zinazopata fedha za shirikisho, lazima athibitishe kusudi la kubagua.

Ofisi ya msaada wa kisheria imekataa kesi yetu ya kundi (kesi moja kwa niaba ya watu wengi). Kwa nini?

Huenda inapata fedha za LSC, shirika lililoundwa na Bunge mwaka 1974 kugharimia msaada wa kisheria kwa maskini. Tangu 1996 ofisi hizo haziruhusiwi kuendesha kesi za kundi, hata kwa fedha za wafadhili wengine. Bado zinaweza kumtetea kila mmoja wenu peke yake, kwa kawaida kama kipato hakizidi asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa kesi ya kundi, tafuteni shirika lisilopokea fedha hizo, na mliulize hilo kwenye simu ya kwanza.