Binti anataka udaktari na bado anaogelea mashindano: panga kwa miaka ya kozi

Mkuu, umeuliza kama binti yako wa kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anaweza kusoma udaktari bila kuacha mashindano ya kuogelea. Anaweza. Ila msipange kwa wiki, pangeni kwa miaka ya kozi.

MD, yaani shahada ya udaktari, hapa Tanzania ni miaka 5, halafu mwaka 1 wa intern, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Miaka 2 ya mwanzo ni darasa na maabara: anatomia, fiziolojia, biokemia. Ratiba inajulikana mapema, alfajiri ni yake, kwa hiyo muda wa kuogelea unaomfuzisha kwa mashindano makubwa autafute hapo. Akishaanza wodi, zamu za usiku zinaingia, na wengi huachia hapo.

Mtazameni Jenny Thompson wa Marekani, mwenye medali 12 za Olimpiki, 8 za dhahabu, zote hizo 8 za kupokezana. Alianza udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2001, akarudi bwawani, akatwaa dhahabu ya mita 100 kipepeo kwenye mashindano ya dunia Barcelona 2003, kisha medali 2 za fedha Athens 2004. Alihitimu 2006, akawa daktari wa usingizi. Kozi ya miaka 4 aliimaliza kwa 5. Mwaka huo mmoja wa ziada ndio ninaowasihi muukubali tangu sasa. Barua ya kuahirisha masomo iende chuoni kabla mwaka haujaanza. Anayekwepa vipindi kimyakimya huzuiwa mtihani kwa mahudhurio.

Kipindi cha wodi, mazoezi 4 kwa wiki yanatosha kwa anayeogelea mita 50 na 100. Mita 1500 au 400 mchanganyiko (mitindo yote minne) zinadai kilomita nyingi mno, hizo aziache. Zoezi la mita 3000: 600 za kupasha mwili, 8×50 za ufundi, 12×100 za kazi yenyewe, 400 za miguu, 6×25 kasi kamili, 250 za kulegeza.

Akitoka zamu ya usiku, alale. Mwogeleaji aliyechoka huangusha kiwiko anapovuta maji, bega linazunguka vibaya, na kano za juu ya bega zinabanwa chini ya mfupa. Maumivu huanza kidogo upande wa mbele wa bega. Akiyasikia, aondoe kipepeo na vibao vya mikono siku hiyohiyo, abaki na mazoezi ya miguu.

Na dawa. Wanafunzi wa udaktari wamezoea kujitibu, na hili linanitia hofu kuliko bega. Dawa ya mafua yenye pseudoephedrine inaweza kumfanya afungiwe akipimwa siku ya shindano. Furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, imepigwa marufuku michezoni wakati wote. Hata dripu ya kuondoa uchovu baada ya zamu: zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa anapotibiwa kihalali hospitalini. Kujitundikia chumba cha zamu hakuhesabiwi matibabu.